Theodory Tesha na Mtaro wa Kilango (1934–2001)

Baba Padre, ukoo wa Tesha, wakwe zetu kutoka Marangu, majirani wa bondeni, na ninyi wageni wa Moshi na Himo mlioacha magari upande wa pili wa kilima mkafika hapa viatu mkononi: Tumsifu Yesu Kristo. Poleni kwa safari. Tope hilo miguuni msilipanguse bado, kwa sababu ndilo wasifu wenyewe. Mimi Kornelia, mdogo wake marehemu, nimepewa kusoma kwa niaba ya familia. Nitasoma yaliyo kweli, na mwenye neno atanikuta baada ya maziko.

Theodory Tesha alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 huko Kirua Vunjo, mtoto wa tatu wa Mzee Aloisi Tesha na Mama Yuditha. Kati ya wavulana alikuwa wa pili kwa watatu, na kila Mchaga aliye hapa anajua maana yake. Wa kwanza hupewa kihamba, shamba la ukoo, wa mwisho hurithi nyumba ya mama, wa katikati hupewa jembe na baraka. Baba alimpa vyote viwili siku moja, akamwonyesha chini huku kwenye bonde, akasema, "Kule hakuna mtu. Kalime. Kaombe."

Bonde hili wakati huo lilikuwa la fisi na vichaka vya mihina. Limezungukwa na vilima pande zote isipokuwa pale Kilango, ambapo vilima viwili vinainama na kuacha mwanya mmoja. Si mwanya wa kutisha, hata mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani huupanda bila kupumzika. Lakini ndio mlango pekee tulio nao. Ukivuka Kilango unashuka kwenye barabara kuu: kulia Himo na Moshi, kushoto Taveta, Voi, hadi Mombasa kwenye bahari. Usipovuka, unakula ndizi zako mwenyewe mpaka zikuchoshe.

Alisoma shule ya misheni tangu 1944 hadi 1948, akamaliza darasa la nne. Alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kuimba. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba ni "mtoto mtulivu anayebishana". Cheti kipo, mtu akitaka kukiona.

Mwaka 1952 aliajiriwa kibarua katika genge la barabara, akapanda hadi kuwa nyapara mwaka 1965. Alitengeneza barabara za watu wengine kwa miaka thelathini na minne. Humo ndimo alimojifunza kusoma maji. Mvua ikinyesha, sisi tulikimbilia ndani, yeye alichukua kofia na kutoka nje kuangalia maji yanapita wapi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Kilango kikawa njia ya sukari na sabuni za magendo. Mgambo mmoja alimkuta pale juu anazibua mfereji kwa jembe siku yake ya mapumziko.

"Mzee, unawatengenezea walanguzi njia?"

"Natengeneza njia ya maji," akajibu. "Watu wanapita tu."

Alilala mahabusu siku mbili kwa jibu hilo. Alipotoka alikwenda kumalizia mfereji.

Tarehe 6 Oktoba 1962 alifunga ndoa na Elinipendo, binti wa Mzee Eliezeri wa Marangu. Sisi Wakatoliki, wao Walutheri, kwa hiyo maneno yalikuwa mengi, lakini si dini iliyokaribia kuvunja harusi ile. Ilikuwa ni Kilango. Vuli iliwahi mwaka ule. Bibi harusi alivuka pale akiwa amebebwa mgongoni na shangazi yake, na gauni likafika hapa likiwa na rangi ya tofali. Mzee Eliezeri, mtu wa kanisa, mtu wa kola nyeupe, aliteleza akakaa chini mbele ya wakwe. Aliinuka, akasema maneno ambayo marehemu aliyabeba miaka ishirini na sita: "Binti nimekupa. Lakini mimi nyumbani kwako nitaingia siku nitakapofika na viatu safi."

Na kweli hakuja. Wajukuu wanne walizaliwa, wakapelekwa Marangu kuonyeshwa babu.

Mwaka 1986 genge zima lilipunguzwa kazini. Wenzake walirudi nyumbani kulaumu serikali, na walikuwa na haki. Theodory alirudi na kamba ya kupimia, nyundo mbili za mawe, na mashaka juu ya kilima kimoja. Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa. Malori ya Himo yalikuwa yanatafuta ndizi, maharage na mahindi kila pembe, ila huku hayakuingia masika wala vuli, kwa sababu pale Kilango udongo wa mfinyanzi ukilowa ni sabuni. Sisi tuliokuwa tunaanza kuuza Himo tulibeba kichwani. Najua, shingo yangu inajua.

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Akaomba msaragambo, kila Jumatano, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake. Kuanzia Julai 1987 hadi Septemba 1988 watu wa bonde hili walichimba na kujenga mtaro wa mawe upande wa juu wa njia, hatua mia tatu na kumi na mbili, na mahali pa kuvushia maji chini ya barabara sehemu tatu. Alilipanga kila jiwe mwenyewe. Mtu akipanga lake, hata lile jeupe la pale kwenye mfinyanzi, Theo aliingoja siku ya pili, akalitoa, akalipanga tena, akasema, "Lilikuwa zuri, limehama tu."

Masika ya 1989 lori la kwanza lilivuka mvua ikinyesha. Lakini kabla ya lori alivuka Mzee Eliezeri, Novemba ile ya 1988, siku tatu baada ya mvua kubwa, akiwa na miaka themanini na fimbo. Alifika mlangoni, hakusalimia mtu. Alimshika mkwewe bega, akainua mguu mmoja, akageuza soli ikatazama juu, akaiangalia. Akainua wa pili. Kisha akasema, "Haya. Mtori uko wapi?" Marehemu alikuwa mtu asiyelia. Siku ile alikwenda nyuma ya nyumba kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyowaezekea mabati. Tazameni mapaa haya mnayoyaona. Hakuna hata moja lililokuja hapa bila kupita kwenye njia kavu ya Theodory.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mmeniomba nipunguze. Sipunguzi.

Mwaka 1994 marehemu alipanda masale, ile mimea yetu ya majani marefu, kandokando ya mtaro, mstari mzima. Sababu zake zilikuwa mbili: mizizi ishike udongo, na ukungu ukishuka dereva aone mwisho wa barabara. Alipanda Jumamosi, peke yake, bila kuita mtu. Hapo alikosea, na nilimwambia akiwa hai kwa hiyo naweza kumwambia amelala. Mchaga hapandi masale kimya. Masale ni mpaka. Mpaka hupandwa mbele ya wazee na majirani, ukiita mashahidi. Ukipanda peke yako, watu hawaoni mmea, wanaona mtu anajikatia ardhi.

Maneno yakaanza kwenye vilabu vya mbege. "Theo kapanda masale Kilango." "Kwa hiyo njia ni yake?" "Subiri, mbe, kesho utakuta amefunga kamba, ukipita unamlipa." Aliulizwa? Hakuna aliyemuuliza. Alisikia, akacheka, akasema watu watachoka. Watu hawakuchoka.

Februari 1996 ulifanyika mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu Shedrack, aliyekaa pale mstari wa pili na kofia mapajani, alisema amepatikana mkandarasi wa kupanua Kilango ili malori mawili yapishane, ila kuna mtu amevamia hifadhi ya barabara kwa mpaka, na inahitajika barua ya wananchi kuomba uondolewe. Barua ilisainiwa na watu sitini na watatu. Nakala ninayo hapa, ndani ya kitabu cha nyimbo.

Sahihi ya kumi na nne ni yangu.

Nilikuwa na lori moja na nusu ya lingine. Nilitaka yapishane. Nilimjua kaka yangu, nilijua hawezi kufunga njia hata kwa uzi, nikasaini. Kwa hiyo mnaposikia hasira katika sauti hii, msidhani inawaelekea ninyi peke yenu.

Greda lilikuja tarehe 11 Machi 1996, la kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu tangu wakati ule imeshabadilisha jina mara mbili. Theodory alisimama mbele yake. Dereva alizima injini, akashuka kwa adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hapa unafukia mtaro."

"Mimi nimeambiwa naondoa mpaka wa mtu, mzee."

"Mpaka unapitisha maji? Inama uangalie."

Yule dereva aliinama, akaangalia, akakuna kichwa. "Kweli ni mtaro," akasema. "Lakini barua inasema mpaka. Na mimi nimepewa barua, sikupewa mtaro."

Kabla ya jua kutua mawe ya miezi kumi na nne yalikuwa chini ya kifusi. Barabara ilikuwa pana kama uwanja, na tulishangilia. Nasema tulishangilia. Marehemu alizunguka akiokota masale yaliyong'olewa, akayafunga mafungu, akayabeba nyumbani mara tano, akayapanda nyuma ya jiko. Shemeji Elinipendo alimuuliza, "Baba Hosea, jikoni kwangu kuna mpaka gani?" Akamjibu, "Yanangoja."

Mvua za mwisho wa 1997 mnazikumbuka. Maji yalishuka kilimani yakitafuta mtaro, hayakuuona, yakachukua barabara. Wiki sita bonde hili lilifungwa. Ndizi ziliivia kwenye migomba, mbuzi wakazikinai. Lori langu moja lililala ubavu pale Kilango na bado limelala, mmelipita leo asubuhi.

Januari 1998 Shedrack alikuja kwa marehemu na isale mkononi. Wageni wa mbali niwaeleze: kwetu mkosaji akikuletea jani la isale, moja la masale yale, anaomba msamaha, na isale halikataliwi. Hata kama amekuua nusu. Theodory alilipokea. Shedrack akaahidi mbele ya watu kwamba mtaro utachimbwa upya, kila Jumatano kama zamani.

Jumatano ya kwanza walikuja watu ishirini na mmoja. Jumatano ya pili, tisa. Ya tatu kulikuwa na palizi. Ya nne kulikuwa na harusi. Ya tano alikwenda Theodory na jembe, akiwa na miaka sitini na mitatu, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu tena Jumatano isipokuwa yeye. Kwa miaka mitatu alikuwa akichimba, mvua ikifukia, akichimba. Tulimpita na malori, tukapiga honi. "Shikamoo Mzee Theo! Kazi njema!" Wengine tulimrushia soda. Kazi njema! Mtu anakuchimbia njia na wewe unampungia mkono kupitia dirishani.

Jumatatu ya Juma Kuu mwaka huu, tarehe 9 Aprili, alinyeshewa akiwa pale juu tangu asubuhi. Pasaka ilimkuta kitandani na kichomi. Alhamisi tarehe 19 pumzi ilibadilika, na mwanawe Hosea alimpakia kwenye pikapu saa tatu asubuhi kumpeleka hospitali Moshi. Nilikaa naye nyuma, chini ya turubai. Saa nne gari lilizama Kilango. Hosea alikanyaga mafuta mpaka tope likaruka juu ya turubai, halafu akazima.

Marehemu akafungua macho. "Tumekwama wapi?"

"Kilango, kaka."

"Najua ni Kilango. Upande gani?"

"Wa juu. Kwenye mfinyanzi."

"Pale kwenye jiwe jeupe," akasema. "Lile lililohama."

Tulikaa pale kwa muda wa saa tano. Tulijaribu majani ya migomba, mawe, kamba, ng'ombe wawili. Mwishowe saa tisa walikuja wanaume wanane wakamfunga kwenye machela ya blanketi na miti miwili, wakambeba. Kati ya wale wanane, watano waliisaini barua ile. Nawashukuru, na sijawasamehe. Alipokuwa mabegani mwao, pumzi ikimkatika, kitu alichokuwa anasema ni hiki, na shahidi ni hao hao: "Kanyageni kushoto. Kushoto. Kulia pamelainika." Aliwaelekeza mpaka wakafika barabara kuu, hakuna aliyeteleza. Tulipata gari. Theodory Tesha alifariki saa kumi na moja na dakika kumi jioni, tukikaribia Uchira, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Daktari aliyemwangalia alisema sentensi moja: "Mngemleta asubuhi." Nilitaka kumjibu, nikaona hana kosa.

Na jana mwili wake ulirudi kwa njia ile ile, jeneza mabegani, kwa sababu gari la maiti lilikataa kupanda.

Jumamosi mchana Shedrack alikuja tena hapa msibani, na isale. Sikumficha mbele ya watu na leo simfichi.

"Dada Kornelia," akasema, "nimekuja kwa mikono miwili."

"Karibu, Mwenyekiti. Kaa."

"Siwezi kukaa kabla hujapokea. Unajua isale halikataliwi."

"Sijalikataa."

"Mbona hulishiki?"

"Liegemeze pale kwenye pipa la maji. Lisinyauke."

Watu walicheka, hata yeye alicheka kidogo, kisha akaanza kulia. Si mtu mbaya. Kijiji hiki hakina watu wabaya, ndilo linalonikera zaidi. Lakini mimi ni mfanyabiashara. Isale la kwanza kaka yangu alilipokea kwa ahadi, na ahadi ikamwua. La pili halipokelewi kwa ahadi. Bado lipo kwenye pipa, mnaliona, na halijanyauka.

Marehemu ameacha mjane, Elinipendo, ambaye kila Jumatano alimfungia kiporo na hakuwahi kumwambia acha. Watoto wanne, Hosea, Pamela, Stella na Calvin. Wajukuu kumi na mmoja. Kaka mmoja kule Kirua, dada wawili, na mimi. Ameacha kihamba alichokitoa kwenye mihina, ng'ombe watatu, kamba ya kupimia, na masale nyuma ya jiko ambayo yamezaana.

Sasa sikilizeni ratiba, kwa sababu si ile iliyochapwa ukurasa wa mwisho.

Baba Padre atazika saa saba. Baada ya hapo ni desturi watu wakae, wale, wanywe, wamsifu marehemu. Chakula kipo. Ng'ombe amechinjwa, mtori umepikwa, mbege imeiva. Lakini ukienda jikoni sasa hivi utakuta majivu tu. Sufuria zote zimepelekwa Kilango tangu saa mbili asubuhi, na wanaozilinda ni wakwe zetu wa Marangu, ambao hawamjui mtu hapa na hawambembelezi mtu.

Mtaro una hatua mia tatu na kumi na mbili. Waliosaini ni sitini na watatu. Ni hatua tano kila mmoja, na wa mwisho kwenye orodha atapata mbili tu, bahati yake. Waliofariki, watoto wao wapo. Walioko Dar, ndugu zao wapo. Majembe yamepangwa kando ya zizi. Kila anayechukua jembe atapita nyuma ya jiko kwa shemeji Elinipendo, atapewa isale moja la Theodory, na atalipanda mwisho wa kipande chake, mchana kweupe, wote tukishuhudia, kama yeye alivyopaswa kufanya na hakufanya. Asije mtu mwaka kesho akauliza ni mpaka wa nani. Ni wa maji.

Kipande changu ni cha kumi na nne. Nimevaa buti za mvua chini ya kanga hii tangu asubuhi, mlidhani ni uzee. Kipande cha kwanza ni cha Mwenyekiti. Shedrack, ukimaliza hatua zako tano, lichukue isale lako pale kwenye pipa, ulipande kwenye jiwe jeupe. Jiwe likiwa mahali pake, na maji yakipita, nitakuwa nimelipokea.

Wageni wa Moshi hamdaiwi jembe. Lakini mnaona mawingu yale, na magari yenu yako upande wa pili.

Kaka Theodory, umefika, wewe lala kwa amani ya Kristo. Ukisikia mawe yanagongana huko juu, usiinuke kuja kuyapanga. Mara hii tutayapanga wenyewe, na lililohama tutalirudisha.